Namna ya Kusikiliza Kitabu cha Sauti na Kukitolea Maoni ya Haki

Hapa Lamu neno "kusoma" halijapata kuwa la macho peke yake. Mtu husoma Maulidi, na maana yake ni kwamba sauti yake inatoka na waliomzunguka wanasikia. Tena Kiswahili cha kale cha visiwa hivi kilikiita kitabu "chuo", jina lililobaki katika Chuo cha Herekali, utenzi uliotungwa Pate mwaka wa 1728. Waliokaa barazani wakasikia utenzi huo ukighaniwa walikuwa wakisikiliza kitabu. Nayatanguliza haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba kitabu cha sauti ni cha mvivu wa kusoma, na dhana hiyo huwafanya wasikilize ovyo na wahukumu ovyo. Nimesikiliza vingi, vya hadithi na vya maarifa, mikono yangu ikiwa kwenye kofia ninayoidarizi, na mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuvichagua kwa uangalifu, kuvisikiliza kwa makini, kisha kumweleza mwenziwe kipi kinafaa na kwa nini.

Kabla ya kulipa au kupakua, hakikisha kwamba kitabu ni kizima. Niliwahi kununua mtandaoni kitabu cha historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, nikastaajabu jinsi karne zilivyokuwa zikipita mbio, na nilikwisha kumwambia rafiki yangu kwamba mwandishi huyo hana subira na mambo yake, ndipo nikaona kwamba nakala ile ilikuwa imefupishwa na kwamba neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya maelezo. Lawama niliyompa mwandishi haikuwa yake hata kidogo. Tangu siku hiyo nautazama urefu kwanza. Kwa kawaida kitabu cha Kiingereza husomwa kwa kiasi cha maneno 9,300 kwa saa, kwa hivyo riwaya ya maneno 90,000 huchukua karibu saa 10. Ukiiona ya ukubwa huo imekwisha kwa saa 4, ujue kuna kilichokatwa. Kiswahili, ambacho neno lake moja hubeba mengi, huhitaji muda mrefu zaidi kwa idadi hiyohiyo ya maneno.

Urefu una uzito pia katika simu. Faili ya kilobiti 64 kwa sekunde (ndicho kipimo cha ubora wa sauti) hula karibu megabaiti 29 kwa saa, na ya kilobiti 128 hula maradufu. Kwa mtu mmoja anayesoma bila muziki, ile ya 64 inatosha kabisa, na riwaya nzima ya saa 10 haitafika megabaiti 300. Asiye na fedha za kununua aanze na LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka wa 2005, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha, na kila mtu huvipakua bure. Wasomaji wake wanatofautiana mno kwa ustadi, na kitabu kimoja kinaweza kugawanywa kwa watu kumi, kila mmoja na sura yake. Mimi hutafuta kile kilichosomwa na mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa sikio likishamzoea msomaji, kumbadilisha katikati ya hadithi ni sawa na kumbadilisha nahodha chombo kikiwa mkondoni.

Sampuli ya bure huwa ni ya mwanzo wa kitabu, na mwanzo kila msomaji hujitahidi. Ukiweza, ruka hadi penye mazungumzo ya watu wawili na usikilize kama unawatambua bila kutajiwa majina. Katika kitabu cha Kiswahili, tega sikio pia kwenye matamshi. Neno "barabara" likiwa ni njia, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kawaida ya lugha yetu. Likiwa na maana ya sawasawa, mkazo husogea nyuma, na msomaji asiyelijua hilo atakuonyesha mapema kwamba anatamka herufi bila kufuata maana. Kwetu pwani "paa" ya nyumba na "paa" wa mwituni hazitamkwi sawa, kwa sababu p ya yule mnyama hutolewa kwa pumzi. Sauti za kompyuta, ambazo sasa zimeenea, huyakosa haya mara kwa mara, na huzikosa zaidi dh, th na gh za maneno yaliyotoka Kiarabu. Sizikatai kwa jumla, kwa maana asiyeona na mwenye haraka ya kupata maarifa hunufaika nazo, lakini riwaya iliyosomwa na mashine sijapata hata moja niliyoimaliza kwa hiari yangu.

Mahali pa kusikilizia pana athari kuliko wengi wanavyofikiri. Katika vichochoro vya mji huu usizibe masikio yote mawili, kwa sababu punda mwenye mzigo wa matofali hafiki na kelele za injini, na "simile!" ya mwenye punda usipoisikia utabanwa ukutani. Katika boti ya kwenda Mokowe usijaribu kabisa: utaongeza sauti hadi masikio yaume, na bado mashine itameza kila neno la tatu. Kitabu hutaka kazi ya mikono isiyotaka maneno, kama kudarizi, kusuka mkeka, kupara samaki au kupiga pasi. Ukijikuta unasoma ujumbe wa simu huku kitabu kinaendelea, kisimamishe, kwa kuwa dakika hizo hukuzisikia, na maoni utakayoyatoa juu yake yatakuwa na matundu usiyoyajua.

Sasa nije kwenye riwaya, ambako ndiko makosa mengi ya hukumu hufanyika. Zipo nafsi tatu ambazo msikilizaji hana budi kuzitenga: mwandishi aliyetunga, msimulizi anayesema ndani ya hadithi, na msomaji aliyeiazima hadithi sauti yake. Macho yakisoma karatasini hukutana na wawili wa kwanza tu. Sikio hukutana na wote watatu kwa pamoja, na hukimbilia kumsifu au kumlaumu mmoja kwa kazi ya mwingine. Mwaka wa 1935, Uingereza ilipoanza kuwatolea vipofu vitabu katika sahani za santuri, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita Vikuu vya Kwanza, miongoni mwa vile vya mwanzo kabisa vilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie na Typhoon cha Joseph Conrad. Nimevisikiliza vyote viwili kwa kuvirudia, nami naviona hadi leo kuwa shule nzuri ya sikio.

Katika kile cha Christie msimulizi ni daktari wa kijijini anayeeleza kwa utulivu mauaji yaliyotokea kwa rafiki yake. Msomaji anajua mwisho wa kitabu, msikilizaji haujui. Sauti ikitia chumvi mahali pa kupita kimya, au ikisita penye neno ambalo halikustahili kusitiwa, imeuza siri ya mwandishi kabla ya wakati. Kwa hivyo katika hadithi za upelelezi mimi humpima msomaji kwa uaminifu wake wa kunyamaza: je, alinipa kila kidokezo kwa uzito uleule aliokipa mwandishi? Katika kile cha Conrad jambo ni tofauti. Nahodha MacWhirr ni mtu wa maneno machache sana, meli yake Nan-Shan inaingia katika tufani kubwa, na sentensi za mwandishi ni ndefu, zinapanda na kushuka. Msomaji akianza kupaza sauti upepo unapoanza tu, hatabakiwa na kitu dhoruba itakapofika. Sisi tuliokulia penye kusi na kaskazi tunajua kwamba bahari haianzi kwa kelele, na sikio la mtu wa pwani lina haki ya kulisema hilo linapotoa maoni.

Nilikisikiliza kitabu kingine cha aina hiyo pamoja na bibi yangu, ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma, nikawa namfasiria kila baada ya sura. Kiingereza hakijui, lakini baada ya robo saa alisema, "Mwanangu, mtu huyu asoma tu, hasimulii." Alikuwa amesikia kila sentensi ikishuka kwa mdundo mmoja, ya furaha na ya msiba. Ninapokuwa na shaka juu ya msomaji, sasa huacha kufuata maneno kwa dakika moja na kusikiliza sauti pekee, kama aliyoisikia bibi. Kosa la pili, linalonikera zaidi, ni la wanaume wanaowasoma wanawake kwa sauti nyembamba ya kubana pua, na la vijana wanaomsoma kila mzee kwa mtetemo wa ugonjwa. Msomaji hodari hubadilisha mwendo na uzito wa usemi, na hilo linatosha.

Vitabu vya maarifa huhukumiwa kwa kipimo kingine. Hapa sauti nzuri inaweza kukulaghai, kwa sababu hoja dhaifu ikisemwa kwa utulivu na uhakika hupita sikioni kama ukweli. Kila sura ikiisha, simamisha na ujieleze kwa sauti, kwa sentensi mbili au tatu, mwandishi alidai nini na alitoa ushahidi gani. Ukishindwa, rudi nyuma, na ukishindwa tena, huenda kosa si lako. Vitabu vya historia vyenye majina na miaka mingi vinataka daftari kando na ramani mbele yako. Vile vinavyotegemea majedwali na michoro mimi sivinunui kwa sauti hata vikisifiwa vipi. Kasi unaweza kuiongeza kidogo: kwa moja na robo, saa 10 huwa 8, na maarifa mengi hayapotei. Lakini usiiongeze kasi ya riwaya kisha ukalalamika kwamba msomaji hana vituo, maana vituo hivyo umevikata mwenyewe. Vile vitabu vya kuhimiza mafanikio ya maisha, ambavyo husema jambo moja kwa sura kumi na mbili, naona muhtasari wake unatosha.

Katika maarifa yote, ninayoyapenda kusikiliza kuliko kusoma ni maisha ya mtu yakisomwa na mwenyewe. Born a Crime cha Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, kilichotoka mwaka wa 2016, ndicho ninachompa kila anayeanza. Kitabu hicho kinaeleza jinsi lugha zilivyomvusha katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi na ya baada yake, na sauti yake inazizungumza lugha hizo kama mtu aliyezaliwa nazo, jambo ambalo karatasi haiwezi kukupa. Chini ya saa 9, na sikuona dakika iliyopotea. Hata hivyo usifanye kanuni kwamba mwandishi ndiye msomaji bora wa kitabu chake: wengi husoma kwa haraka kwa kuwa wanayajua yanayokuja, na wengine humeza miisho ya sentensi zao wenyewe. Katika riwaya, mimi namwamini mtunzi kwa kalamu, na kwa sauti nangoja sampuli.

Mashairi yasikilize polepole, tena mara mbili. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, na mghani akivunja hesabu hiyo sikio la mtu wa hapa litajua kabla ya akili yake.

Unapofika wakati wa kuandika maoni yako, taja mwandishi, msomaji, urefu, na kama kitabu ni kizima au kimefupishwa; kisha useme ulikisikiliza kwa kasi gani na umefika wapi, kwa kuwa aliyeacha katika saa ya pili ana haki ya kusema alichosikia, ila hana haki ya kuhukumu mwisho. Tenga aya ya kitabu na aya ya sauti. Kitabu kizuri kilichosomwa vibaya mwambie mtu akakisome karatasini. Kitabu hafifu kilichosomwa vizuri mtajie msomaji huyo ili amtafute katika kazi nyingine. Usiseme "sauti inachosha" bila kuonyesha inachosha vipi: je, ni kasi, ni mdundo mmoja, ni pumzi zinazosikika, au ni chumba chenye mwangwi alichorekodia? Maneno ya jumla hayamsaidii mwenye fedha za kitabu kimoja tu kwa mwezi. Katika hadithi, usivuke theluthi ya kwanza unapoeleza yaliyotokea.

Maoni yakishaandikwa, yaache yalale siku moja, kisha urudi usikilize nusu saa ya kwanza ya kitabu hichohicho. Safari hii unaujua mwisho, na utasikia vidokezo ambavyo msomaji alikupitishia bila wewe kujua, au utagundua kwamba sauti uliyoilaumu ulikuwa hujaizoea tu. Chukua kalamu, ufute kila sentensi ambayo sikio lako halikubaliani nayo tena, ndipo umpelekee mwenzio.