Usioge kwanza: kwa waliobakwa, na wanaowasindikiza

Visiwani na kwenye makambi ya dagaa, kitu cha kwanza mtu aliyebakwa anachotaka ni kuoga ziwani. Inaeleweka kabisa. Lakini kama anaweza kuvumilia, asioge, asisukutue, asibadilishe nguo mpaka apimwe. Ameshaoga? Aende hivyo hivyo. Dawa bado zinamhusu, na majeraha bado yanaonekana.

Nguo alizovua zisifuliwe. Zitie kwenye mfuko wa kaki, ule wa dukani, au zifunge kwa kanga safi. Nailoni hapana: unyevu unabaki ndani, nguo inaota ukungu na ushahidi unaharibika. Kwenye mtumbwi zikingwe na maji.

Kubwa zaidi ni saa. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Za kuzuia mimba, ndani ya siku 5, mapema ni bora. Kwa hiyo aliye Ukerewe asikae kusubiri kivuko cha Mwanza wakati hospitali ya Nansio ipo karibu.

PF3, fomu ya polisi ya kumwombea mtu aliyedhuriwa apimwe na kutibiwa, inatolewa kituo cha polisi. Ukifika hapo, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Anayevuja damu akimbizwe hospitali, fomu itafuatwa baadaye. Akiwa mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Wewe msindikizaji, usimhoji njiani. Maswali mwachie nesi, naye ataomba ridhaa kabla ya kila kipimo. Mgonjwa ana haki ya kukataa chochote na bado akapewa dawa.