Kabla ya kwenda kujifunza dharura za mifugo: mambo ya kuandaa mapema

Mtamba alikuwa amesimama katikati ya zizi, miguu kaitanua, ulimi nje, ubavu wa kushoto umekazana kama ngoma iliyowambwa: tumbo lilikuwa limejaa gesi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka wiki ile na alikuwa kwenye majani mabichi tangu asubuhi. Nilikuwa na wanafunzi wanne wa udaktari wa mifugo, mwaka wa nne, na kila mmoja alijua la kufanya. Tulipofungua mkoba tukakuta troka peke yake, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea tumbo. Kanula yake, bomba linalobaki tunduni ili gesi itoke, ilikuwa imebaki kwenye sufuria ya kuchemshia vifaa.

Tulipitisha mpira mdomoni hadi tumboni, likatoka povu. Mama mwenye nyumba akatuletea mafuta ya alizeti kutoka jikoni kwake, tukamimina nusu lita kupitia mpira uleule ili kuvunja povu, tukamtembeza taratibu, na kabla ya saa moja kwisha akaanza kucheua. Kwa povu, kanula isingetusaidia sana. Lakini ingekuwa gesi tupu na mpira ukagoma kupita, tungempoteza huku dawa, elimu na watu watano wapo. Kukagua mkoba ilikuwa kazi yangu. Tangu usiku ule, kuna mambo ambayo sikubali mwanafunzi apande gari kabla hajayakamilisha.

La kwanza ni mwili wako mwenyewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa haisubiri siku ya safari. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linapendekeza dozi mbili zinazopishana siku 7 kwa mtu ambaye kazi yake inamweka kwenye hatari, kwa hiyo anza mapema. Wengi humwogopa mbwa tu. Mimi humwogopa zaidi ng'ombe anayetoa mate na kushindwa kumeza, kwa sababu huenda naye ana kichaa, ilhali kila mtu hudhani amekwamwa na embe, na mwanafunzi mwenye bidii ndiye wa kwanza kuingiza mkono mdomoni. Usiingize kabla hujauliza kama kuna mbwa aliyepita akiuma siku au wiki zilizopita, na kabla hujavaa glovu. Ukiumwa, au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali hata kama umechanjwa.

Mimba iliyotoka na kondo la nyuma visiguswe kwa mikono mitupu: magonjwa ya brusela na Homa ya Bonde la Ufa humfikia mtu kupitia hapo. Mwanafunzi mjamzito amwambie msimamizi mapema, apangiwe kazi nyingine bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake. Na mkifika mkakuta mnyama amekufa ghafla, damu inatoka puani na nyuma wala haigandi, msimpasue. Hicho huenda ni kimeta, na kisu chenu ndicho kitakachotawanya vijidudu vyake kwenye udongo wa watu.

La pili ni mikono. Nenda machinjioni alfajiri kabla ya muhula kuchanganya, umwombe mkaguzi wa nyama akuruhusu. Tumbo la ng'ombe lililofungwa vizuri na kujazwa upepo linafundisha troka kuliko picha yoyote: utajua nguvu inayotakiwa, na utajua kwamba ukichomoa troka bila kushikilia kanula unarudi mwanzo. Kwa uzazi mgumu sisi hutumia ndama aliyekutwa kwenye mfuko wa uzazi. Tunamtia kwenye gunia, mwanafunzi anavaa glovu ndefu, anafumba macho na kuingiza mkono. Swali ni moja: huu ni mguu wa mbele au wa nyuma? Jibu liko kwenye maungio. Panda kutoka kwenye kwato. Viungo viwili vya kwanza vikikunjika upande mmoja, umeshika wa mbele. Kimoja kikikunjika huku na cha pili kule, ni wa nyuma. Nimeona wanafunzi wenye alama nzuri wakikosea hapo mara tatu mfululizo, na ni heri wakosee kwenye gunia. Ukifunga kamba kwenye mguu wa mbele mmoja na wa nyuma mmoja, ukavuta, unaweza kumuua ndama na mama yake pia.

Kufufua mbwa aliyesimama moyo jifunzeni wawili wawili juu ya mwanasesere au gunia la nguo. Mbwa hulazwa kwa ubavu, kifua kinabanwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wake. Kila mkikandamiza mara 30, pumzi mbili kupitia puani, mdomo umefumbwa. Badilishaneni kila dakika 2, maana aliyechoka hubana kwa kina kidogo bila kujijua.

La tatu ni namba, nazo ziwe kwenye kikaratasi mfukoni, hata kama unaamini unazo kichwani. Joto la ng'ombe mzima na mbwa ni karibu nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mbuzi hupanda zaidi. Ufizi ukiubonyeza ukaachia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Hesabu za dawa zifanye mezani kwa uzito mbalimbali, kwa sababu usiku zizini hesabu ya darasa la tano inakuwa ngumu. Mbuzi wa kilo 15 anahitaji kushonwa. Lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita. Ukijiwekea kikomo cha miligramu 5 kwa kilo, mbuzi huyo anaishia miligramu 75, yaani hata mililita 4 hazifiki. Anayevuta mililita 10 kwa mazoea ya kushona ng'ombe ametayarisha miligramu 200, na mbuzi anaweza kuanza kutetemeka kwa degedege mkononi mwake. Vivyo hivyo zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama: ng'ombe hutosheka na takriban sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi.

Kamba, kwa kifupi: jua kutengeneza hatamu, jua fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, na usimlaze kwa ubavu ng'ombe aliyejaa tumbo.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hawalipi uzito, nalo ni mazungumzo na mwenye mnyama. Hata mkiwa na haraka, "Shikamoo mzee" haichukui sekunde mbili, na inamfanya akueleze ukweli. Utauhitaji, kwa sababu mara nyingi mnyama ameshapewa kitu: magadi, mafuta, au sindano ya oksitetrasaiklini, ile antibayotiki, iliyokuwa imebaki ndani. Uliza nini, kiasi gani, saa ngapi. Kisha, kabla hujachoma chochote, zungumzeni kuhusu kisu. Ng'ombe akishapata dawa, nyama yake haifai kuliwa mpaka siku za kusubiri ziishe. Kama matumaini ni madogo, mzee ana haki ya kuamua kuchinja sasa, nyama ikaguliwe, aokoe kitu. Ukimchoma kwanza ndipo umwambie, umemnyang'anya uamuzi huo, na ng'ombe huyo pengine ndiye ada ya mtoto. Gharama nazo zitajwe pale pale, na msimamizi ndiye azitaje. Wewe bado hujasajiliwa. Unafanya kazi chini ya jina lake.

Mkoba fungasheni jioni, wawili pamoja, mmoja anasoma na mwingine anashika kitu mkononi. Troka na kanula vifungwe pamoja kwa kitambaa. Mpira wa tumboni na kipande cha mbao cha kuzuia meno. Stetoskopu mbili, kwa kuwa ng'ombe wa homa ya maziwa, yaani aliyeishiwa kalsiamu mwilini, anapowekewa kalsiamu mshipani, chupa isiishe chini ya dakika 10, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kusikiliza moyo na kusema "simama" ukianza kurukaruka. Chupa yenyewe ipashwe kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Kamba za uzazi, mafuta ya kulainishia, sabuni, ndoo mbili. Tochi ya kichwani yenye betri mpya, na betri nyingine. Nusu lita ya mafuta ya kupikia siku hizi tunabeba wenyewe.