Jinsi ya kuandika mahali walipozaliwa wazee wetu katika ombi rasmi: mwongozo kwa watu wa Lamu

Anayejaza fomu ya usajili wa kuzaliwa uliochelewa, au anayetayarisha nasaba kwa ajili ya mirathi mbele ya kadhi, mara nyingi hukwama anapofika kwenye mahali alipozaliwa babu. Siyu, mji wa Kisiwa cha Pate, ni ile ile, lakini wilaya, mkoa na hata dola iliyoitawala vimebadilika zaidi ya mara moja.

Anza na jina dogo kabisa. Waulize wazee mtaa na mji, wala usiridhike na neno "Lamu" peke yake, kwa kuwa hata mtu wa Faza au Kizingitini akiwa Mombasa husema kwao ni Lamu. Kisha fungua misahafu ya zamani. Ndani ya jalada la msahafu wa bibi yangu, watoto wa nyumba ile wameandikwa mmoja mmoja kwa herufi za Kiarabu, kwa wino uliogeuka kahawia, na penye tarehe pameandikwa "mfungo sita", yaani Rabiulawali. Ugeuze mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia kabla ya kuendelea, kwani mwaka ndio utakaoamua jina la utawala.

Kwa mfano, Witu, mji wa bara ng'ambo ya visiwa vya Lamu, ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani kuanzia 1885 hadi 1890. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki mwaka 1895, Lamu ilikuja kuwa makao makuu ya mkoa wa Tanaland, na anayetafuta kumbukumbu za zama hizo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, aulizie majalada kwa jina hilo pia. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013.

Jamaa wa Kibajuni wenye asili ya Kismayu wawe waangalifu zaidi. Jubaland, eneo lenye mji wa Kismayu na ambalo leo liko Somalia, ilitolewa Kenya ikapewa Italia mwaka 1925, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja, mmoja wa 1922 na mwingine wa 1928, huandikiwa nchi mbili tofauti ingawa walizaliwa chumba kimoja. Ni haki yao jambo hilo liandikwe sawasawa.

Kwenye nasaba, aliyezaliwa baada ya uhuru aandikwe hivi: Siyu, Kisiwa cha Pate, Wilaya ya Lamu, Mkoa wa Pwani, leo Kaunti ya Lamu. Fomu ikiwa na nafasi ya kaunti pekee, jaza kaunti ya leo, na jina la zamani ulieleze katika hati ya kiapo. Kukosa cheti cha babu kusikuvunje moyo, kwani usajili wa lazima ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Ambatisha barua ya chifu pamoja na maelezo ya mzee anayeijua nyumba yenu.

Karani mmoja aliwahi kufuta "Siyu" niliyoiandika akaweka "Lamu", nami sikuona mpaka nilipofika nyumbani, ikanilazimu kupanda mashua tena kwenda kuomba marekebisho. Soma nakala yako yote ungali dirishani, kabla hujatia sahihi.