Jinsi ya Kuchagua Mbuzi wa Kienyeji Wanaostahimili Joto na Bado Wanazalisha

Mbuzi anayetulia juani si lazima awe mstahimilivu. Huenda ametulia kwa sababu anakula kidogo na kutoa maziwa kidogo, kwa kuwa usagaji wa chakula na utengenezaji wa maziwa huongeza joto mwilini. Kwa hiyo pima mambo mawili kwa pamoja: jinsi mbuzi anavyolimudu joto, na anachozalisha ndani ya joto hilohilo.

Hatua ya 1: Andika ukoo. Kila mbuzi avishwe hereni yenye namba, na daftari lionyeshe tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, na kama alizaliwa peke yake au pacha. Asipojulikana baba, ni vigumu kutenganisha kilichorithiwa na kilicholetwa na malisho mazuri.

Hatua ya 2: Pima mwili. Chagua siku kadhaa za msimu wa joto, upime saa kumi na mbili asubuhi na tena saa nane mchana. Hesabu pumzi kabla ya kumshika mbuzi, maana kukimbizwa peke yake humfanya aheme. Mimi husimama hatua chache pembeni, nikaangalia ubavu nyuma ya mbavu za mwisho unavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Mbuzi aliyepumzika kivulini hupumua takriban mara 15 hadi 30 kwa dakika. Ndipo uingize kipimajoto katika njia ya haja kubwa, ukikiegemeza kwenye ukuta wa utumbo, kwa sababu kikizama ndani ya kinyesi kitakudanganya. Joto la kawaida ni karibu nyuzi 38.5 hadi 39.7 za Selsiasi. Mwenye homa tangu asubuhi atibiwe, asiingizwe kwenye ulinganisho. Linganisha ongezeko kati ya vipimo viwili, kwa mbuzi wa umri na hali inayofanana.

Hatua ya 3: Pima uzalishaji. Wapime watoto uzito wakifikisha siku 90, na uandike muda kati ya uzao mmoja na mwingine. Pacha alinganishwe na pacha.

Hatua ya 4: Chagua. Ustahimilivu wa joto hutokana na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo. Vile vya protini za HSP70, zinazolinda seli zisiharibiwe na joto, ni sehemu tu ya vinasaba hivyo. Ndiyo maana rangi au urefu wa masikio hautoshi kuamulia. Nilipoanza nilimbakiza jike mmoja aliyepumua kwa utulivu kuliko wenzake wote, nikaja kuona kwamba watoto wake walikuwa wepesi kila uzao, leo nisingembakiza. Masharti makali zaidi yawe kwa beberu, kwani humpa kila mtoto nusu ya vinasaba vyake, na watoto hao huweza kuwa makumi kwa mwaka.

Hatua ya 5: Panga upandishaji. Beberu aondolewe kabla binti zake hawajapevuka, na madume yasiyochaguliwa yahasiwe au yatengwe wakiwa na miezi mitatu. Beberu aliyezaliwa bila pembe asimpande jike aliyezaliwa bila pembe: baadhi ya watoto wa kike huzaliwa na viungo vya uzazi vya jinsia mbili, nao huwa tasa. Isitoshe, pembe husaidia kutoa joto mwilini.

Binti za beberu wakishazaa mara ya kwanza, wapime katika msimu wa joto kwa utaratibu uleule, uwalinganishe na majike wa rika lao waliozaliwa na mabeberu wengine katika zizi hilohilo.