Kidole kimekatika kabisa? Usikitupe kile kipande
Kwanza mshughulikie mtu mwenyewe, chukua kitambaa safi ukandamize jeraha kwa nguvu bila kuachia achia, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo, na pete zote vua mapema maana vidole vikishavimba hazitoki tena. Usimpe chakula wala kinywaji, anaweza kufanyiwa upasuaji.

Sasa kile kipande, hapa ndo wengi wanaharibu na inaniuma sana: wanakitumbukiza kwenye barafu moja kwa moja! Barafu inaua nyama na mishipa midogo. Kama kina uchafu kisuuze kidogo tu, usikisugue, kizungushie shashi yenye unyevu, weka kwenye mfuko wa plastiki ufunge vizuri, alafu huo mfuko ndo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kumbuka na saa kilipokatika, daktari atauliza.

Kidole hakina misuli kwahiyo kinavumilia kukaa bila damu, kikipozwa vizuri kinaweza kufikisha hata masaa 12 na zaidi na bado kikaunganishwa tena, ila we wahi tu. Mishipa inaungwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, Japani walirudisha dole gumba lililokatika kabisa tangu 1965. Sio kila kidole kinarudishika lakini hilo aamue daktari wa mikono, sio wewe pale ajali ilipotokea.