Namna ya kusoma muswada wa jimbo la Marekani kwa jicho la bajeti ya jiji

Mimi huanza na vitenzi, kichwa cha muswada hukisoma baadaye. Kila palipoandikwa "jiji litafanya" napiga mstari, kisha natafuta ibara inayosema nani atalipa. Isipokuwepo, mzigo ni wa jiji. Marekani, jiji hupata mamlaka yake kutoka jimbo, na lililotolewa kwa sheria laweza kupunguzwa kwa sheria.

Kisha tafuta ukomo wa kodi. Hapa usiharakishe. California, tangu Pendekezo la 13 la mwaka 1978, badiliko la katiba ya jimbo lililopitishwa kwa kura ya wananchi, kiwango cha msingi cha kodi ya mali ni asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na thamani hiyo kwa kawaida haiongezwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali ibadili mmiliki. Texas nayo, kwa sheria ya 2019, ilishusha kutoka asilimia 8 hadi 3.5 ongezeko la mapato ya kodi ya mali ambalo majiji makubwa huruhusiwa bila idhini ya wapiga kura, bila kuhesabu majengo mapya.

Basi fungua bajeti ya jiji lako. Kama ni la Texas, zidisha mapato ya kodi ya mali ya mwaka jana kwa 0.035 upate ongezeko linaloruhusiwa, halafu liweke kando ya ongezeko la gharama za mishahara ya polisi na zimamoto, pensheni na bima ya afya. Gharama zikizidi, pengo hilo lazima lizibwe kwa kukata mahali, na saa za maktaba hukatwa kirahisi mno. Hilo huniuma.

Angalia pia tarehe ya muswada kuanza kutumika. Kamati ya bunge la jimbo ikisikiliza maoni ya umma, nenda na tarakimu ya pengo la jiji lako.