Mtoto akinyamaza ghafla garini

Mkisafiri na watoto kwa gari, msiwape simu wala kitabu njiani. Kichefuchefu huanzia hapo: sikio la ndani linahisi mwendo, macho yamekodolea kitu kilichotulia, ubongo unachanganyikiwa. Ukimwona mtoto kanyamaza ghafla, anapiga miayo, midomo imepauka na jasho jembamba linamtoka, usingoje atapike. Fungua dirisha, mwambie atazame mbele, mbali kabisa, na mkipata pahali salama simameni ashuke. Chakula kiwe kidogo, kisicho na mafuta mengi. Maji anywe mafunda madogo madogo. Nanyi wakubwa, kila baada ya saa 2 hivi shukeni mnyooshe miguu, damu itembee. Na tafadhali sana, mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari juani, hata dakika 5.